Kitembee Kwanza Kwenye Skrini

Marafiki wanne wakiamua kutengeneza gemu, kitu cha kwanza hufungua kundi la WhatsApp. Cha pili hubishana kuhusu nembo. Ikifika Jumapili, kampuni ina mkurugenzi, msemaji na picha ya wasifu, lakini gemu haina hata mstari mmoja wa programu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na marufuku: pasiwe na bosi wala nembo mpaka kitu kitembee kwenye skrini.

Halafu shusheni ndoto. Najua mnataka Dar es Salaam nzima, bodaboda zikikimbizana kutoka Kariakoo hadi Mbezi, mvua inanyesha, trafiki anapiga filimbi. Jiji litawasubiri. Anzeni na bao. Mashimo ni 32, kete 64, na kwa kompyuta ubao wote ni orodha ya namba tu. Pakueni Godot, programu ya kutengenezea gemu: ni ya bure, haihitaji laptopu ya kifahari, na ukishaipakua unafanya kazi hata bando likiisha.

Gawaneni kazi. Mmoja aandike programu, mmoja achore, mmoja arekodi kwa simu mlio wa kete zikidondoka, usiku mtaa ukishatulia. Wa nne aende barazani akajifunze sheria, na huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa kwenye shimo la nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Hizo zikiisha mnaingia awamu ya mtaji, ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Barazani mikono inajua yenyewe. Kompyuta haijui chochote. Lazima iambiwe kwamba unaposambaza, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu yako imekwisha. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolikabili lina kete pia, unakula, na ulizokula unazisambaza kuanzia pembeni. Tena wekeni kikomo cha mizunguko, maana bao lina mitembeo inayoweza kuzunguka isilale kamwe, na feni ya laptopu itaunguruma hadi majirani wagonge mlango.

Kitakapotembea, kila mtu atataka kuongeza lake. Aongeze! Mwaka 1962, pale MIT nchini Marekani, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1: vyombo viwili vya angani vinarushiana makombora. Peter Samson akaja na ramani ya nyota halisi, Dan Edwards akaleta nguvu ya uvutano. Hawakukaa vikao vya nyota kabla chombo hakijaruka. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Sasa mpelekeeni gemu mzee wa barazani, kisha fungeni midomo. Hapa vijana wengi hushindwa. Mzee atabonyeza pasipobonyezeka, atauliza, "Mjukuu wangu, hapa nageukia wapi?" na mwandishi wa programu atanyoosha kidole kumwonyesha. Mshikeni mkono huyo! Babu akikwama, skrini ndiyo yenye kosa, na swali lake liandikwe kwenye daftari kama lilivyotoka. Swali hilo moja lina faida kuliko sifa zote za binamu zenu.

Kila usiku nakilini kazi kwenye flashi mbili zinazolala nyumba tofauti.

Na kuna rafiki atakayepotea. Atapata kibarua, au mtihani, au mtoto. Mpigieni kumjulia hali, na siku hiyo msimuulize picha zimefikia wapi. Mkikwama bila yeye, tumieni miduara ya rangi moja badala ya kete zake. Bao litachezeka vilevile. Kama alichora shimo la nyumba tu akaishia hapo, jina lake liingie kwenye orodha ya watengenezaji, kwa herufi za ukubwa uleule kama zenu.