Dereva Mstaafu Katika Gari la Bwana Chura

Katika jumla ya starehe ambazo wanadamu wamejibunia na kisha wakazitoza kiingilio, sidhani kama ipo iliyo ya ajabu kuliko ile iliyomo Disneyland, mjini Anaheim katika jimbo la California, ambapo mtu mzima mwenye akili timamu, akiwa amefuatana na mjukuu wake, hupanga foleni juani kwa hiari yake mwenyewe, akapanda kigari, akashitakiwa, akahukumiwa, akagongwa na treni, akatumbukia Jahanamu, kisha akateremshwa mlangoni buheri wa afya, na mambo hayo yote yakapita kwa muda wa dakika 2 hivi. Mchezo huo huitwa Mr. Toad's Wild Ride, nao ulifunguliwa siku ile ile ilipofunguliwa bustani yenyewe, tarehe 17 Julai 1955.

Asili yake ni kitabu cha watoto, The Wind in the Willows, kilichotoka mwaka 1908 kwa kalamu ya Kenneth Grahame, bwana aliyekuwa Katibu wa Bank of England, kazi ambayo yaelekea humwachia mtu nafasi kubwa ya kufikiri habari za vyura. Chura wa Grahame ni tajiri mwenye kasri na majivuno, aliyepumbazwa na motokaa hata akaiba moja na kuiendesha kiwendawazimu. Alipofikishwa mbele ya hakimu alipewa miezi 12 kwa wizi, miaka 3 kwa mwendo wa kasi, na miaka 15 kwa ufidhuli aliomfanyia polisi; jumla ikawa 19, na hakimu, kwa kupenda hesabu iliyo kamili, akaifanya 20. Hata hivyo Chura alitoroka gerezani kwa kuvaa nguo za dobi wa kike, wala hakuna mahali kitabuni alipoingia motoni. Jahanamu ni nyongeza ya mafundi wa Disney, nami sijapata kuona nyongeza iliyozidi asili kwa kiasi hicho.

Sasa, lau ningalikwenda huko na mtu mwingine yeyote, nisingalikuwa na la kuandika. Lakini nilifuatana na Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliyekuwa amekuja kumzuru binti yake aliyeolewa California. Ami aliendesha basi la abiria baina ya Mombasa na Malindi tangu zama ambazo hori la Kilifi lilivukwa kwa feri, daraja likiwa bado halijafunguliwa mpaka mwaka 1991, na katika umri wake wote wa kazi hapakufa kuku chini ya gurudumu lake ila kwa ukaidi wa kuku mwenyewe. Tabia yake hiyo njema huitaja kila apatapo msikilizaji, na asipompata huitaja vile vile.

Vigari vya mchezo ule vina usukani, na hapo ndipo palipozuka tafrani. Usukani wenyewe huzunguka upendavyo, lakini hauongozi kitu, kwani gari huburutwa na umeme juu ya reli iliyo sakafuni, na njia imekunjwakunjwa kwa kona kali ili jengo dogo lidhaniwe kuwa nchi nzima. Mtoto yeyote wa miaka mitano hulijua hilo kabla hajaketi. Mjukuu wa Ami, tuliyekuwa naye, alikwisha kuushika usukani kwa mikono miwili, lakini mzee, akiisha kurekebisha kofia yake ya kiua, alimwambia kwa upole usio na nafasi ya kujibiwa, "Nipishe, babu. Chombo cha abiria hakiendeshwi na mtoto." Mtoto akanitazama mimi. Nami nilitazama upande mwingine, maana katika ukoo wetu hapana aliyewahi kumshinda Ami kwa hoja ya barabara.

Tukaondoka. Mara tukaingia maktaba ya Chura, tukaielekea meko. Ami akakata kona kuume. Gari likaenda kushoto. Akatoa mkono nje kuashiria, kama walivyofundishwa madereva wa zamani, nikamvuta na kumrudisha ndani, kwa kuwa tulikwisha kuonywa kuhusu mikono. Ndipo alipotafuta breki. Sakafuni hapakuwa na breki, na kilichokuwa mahali inapostahili kuwa ni mguu wangu wa kulia, nao ulikuwa ndani ya ndala. Aliukanyaga kwa nguvu zile zile alizozoea kulisimamishia basi zima lenye mizigo juu. Na kwa kuwa milango ya humo hufunguka yenyewe katika nukta ya mwisho, mzee alisadiki kwamba ni mguu wangu uliotuokoa, akazidi kuukanyaga kila ulipotokea ukuta mwingine. "Breki zake nzito," alisema, "lakini zinashika."

Mle ndani ni giza, na picha zilizochorwa kwenye mbao huwaka kwa rangi zinazong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, hata vicheche wanaoning'inia kwenye taa za dari huonekana wakikutolea meno. Tulipita ghala la baruti, nayo ikalipuka. Tulipita klabu ya pombe, Ami akageuza uso, kwani hajaionja maishani mwake wala hakutaka ionekane kwamba basi lake husimama hapo. Kisha tukatokea mahakamani.

Hakimu yule ni sanamu, naye hana simile. Humtia mtu hatiani kabla gari halijamfikia sawasawa. Ami alivumilia moshi, akavumilia baruti, lakini dhuluma hakuivumilia. Aliinua mkono, akapaza sauti gizani kwa Kiswahili fasaha: "Mheshimiwa, gari halitii usukani! Walipime kwanza!" Kicheko kilisikika katika gari la nyuma. Hukumu haikubadilika, na kabla mwombaji hajafika kwenye hoja yake ya pili tulikuwa juu ya reli, taa kubwa ya treni ikitujia machoni. Ami akaachia usukani na kutoa shahada, taratibu na kwa tajwidi, kama mtu aliyeikubali ajali lakini si lawama.

Kilichofuata ni chumba chekundu, chenye joto la kweli na vijishetani vinavyorukaruka. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupita hapo kwa utulivu kama Ami. Alifungua kifungo kimoja cha kanzu, akapima hewa, akatangaza kwamba joto hilo si kitu mbele ya injini ya basi mwezi wa Machi.

Wako watu waipendao Jahanamu hii kupita kiasi. Pacha wa mchezo huo alikuwako Florida, na ilipotangazwa kwamba utafungwa, mashabiki walikusanyika kupinga. Haikufaa kitu, ukafungwa mwaka 1998, mahali pake akawekwa dubu Winnie the Pooh, ambaye kwa nijuavyo hampeleki mtu popote pabaya. Wa Anaheim ungalipo.

Tulipotoka nikiwa nachechemea, Ami alikataa katakata kwenda kula mpaka rufani yake isikilizwe. Tukapanga foleni tena. Mara hii mjukuu alishika usukani, na mzee akawa kondakta, akimwelekeza kwa kugonga ubavu wa gari. Mtoto aliuzungusha ovyo, kinyume cha kila kona, akicheka. Tukalipuka pale pale, tukahukumiwa na hakimu yule yule, tukagongwa na treni ile ile. Ami akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kwake shauri lilikuwa limekwisha: ajali ni ya barabara, dereva hana hatia.

Nawe msomaji, ukijaliwa kufika huko na mzee aliyewahi kuendesha gari, usishindane naye juu ya usukani, bali vaa viatu vigumu.