Herufi Kubwa Zimetuishia

Kwa Msimamizi wa Herufi Kubwa,
Afisi ya Basari (ni upande gani wa barabara, sisemi),
Keroka.

Mheshimiwa,

MINTARAFU: "sir" ILIYORUDISHWA

Mimi ni mpiga chapa hapa Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeugombania miaka nenda miaka rudi. Hivyo naandikia serikali mbili barua bila kuhamisha kiti.

Wiki jana afisa wako alirudisha ombi la nyanya mmoja anayemtafutia mjukuu karo. Barua ya chifu ilikuwemo, nakala ya kitambulisho ilikuwemo. Kosa lilikuwa katikati ya sentensi, pale nilipoandika "sir" kwa s ndogo. Ilizungushiwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka, na pembeni pakaandikwa: "Adabu!"

Mheshimiwa, nilivyofundishwa Kiingereza ni hivi: "Dear Sir" ya kufungulia barua hupewa S kubwa; ukimwita bwana huyo huyo katikati ya maneno, "sir" inarudi kuwa ndogo, na Waingereza hawajawahi kupigana kwa sababu hiyo. "Governor" huvaa kofia likitangulia jina la mtu. Likisimama peke yake, magazeti mengi huivua. "Your Excellency" ndiyo haivuliwi kamwe, na labda ndiyo maana ugatuzi ulipoanza 2013 haikuchukua muda magavana wakaanza kuvutania jina hilo, pamoja na bendera za magari.

Nihurumie pia kwa upande wa vifaa. Kisii ina wadi 45, Nyamira 20. Hao ni waheshimiwa 65 wa kuchaguliwa, wateule na wabunge sijawagusa. Kila mmoja akitaka H kubwa ya "Honourable" popote anapotajwa, kitufe changu cha herufi kubwa, kilicholegea tangu kampeni za 2022, kitang'oka.

Nyanya alivaa miwani akaitazama ile s, akasema haoni aliyetukanwa. Kwao mzee ni "omogaka", na heshima yake husikika kwenye sauti. Tena lugha yao, Ekegusii, ndiyo lugha ambayo "baba" ni mama na "tata" ndiye baba. Angemwita afisa wako "baba" kwa adabu ya Kiswahili, nusu ya foleni ingeangua kicheko.

Kikaratasi mlichobana kwenye barua yake kilisema: "mama rudi tena". Jina lake halikuwemo, kwa herufi kubwa wala ndogo.

Naomba basi orodha rasmi: nani anapewa kubwa, mahali gani, na akishindwa uchaguzi anairudisha wapi. Maombi yanafungwa Ijumaa, kwa hiyo sikungoja. Barua yote nimeipiga upya kwa herufi kubwa tupu, hadi jina la posta. Nyanya anasema ni kama mtu anayegombana. Natoza shilingi 50 kwa ukurasa, na ulikuwa ukurasa mmoja. Sasa ni kurasa mbili.

Wako Mtiifu,
mpiga chapa