Mwezi Kona, Karibuni Tena

Mshahara ukitoka tu, utawasikia mabosi wa ofisini: "Kwa mama ntilie kuna nzi." Wanahamia Masaki, kula chipsi za kuhesabika juu ya kipande cha ubao, sosi imechorwa kama saini ya daktari. Ikifika tarehe 15 wamerudi Kariakoo kimyakimya, tai imetupwa begani isiingie mchuzini: "Mama, niongezee maharage kidogo." Nzi nao, nadhani, walishahamia Masaki.

Mama haulizi walikuwa wapi. Anapakua wali, anaweka mchicha, anabandika na kipande cha ukoko pembeni, kisha anafungua daftari la madeni. Jina la bosi limo, tangu mwezi uliopita, na leo bosi anaulizia nyama.

"Nyama hatukopeshi, baba."