Mfyoo! Eti Yankees

Nani kasema Yankees wanachukua mwaka huu? Ajitokeze nimwone sura. Mfyoo! Tangu jana jioni hapa nyuma ya kinyozi, Columbus, jimbo la Ohio, hakuna anayezungumzia kodi ya nyumba wala nauli ya kwenda nyumbani Desemba. Ni besiboli tu, na kila mtu kawa kocha. Mtoano wa mwaka huu, 2024, unaanza leo Jumanne, Oktoba mosi, timu 12. Wabongo, Wakenya na Wakongo ambao walipofika nchi hii waliuliza "huyu mwenye gongo anakimbilia wapi?" leo wanashikana mashati kwa ajili ya mrushaji wa akiba wa awamu ya saba. Haya.

Yankees nawapa haki yao, nisije nikaitwa mchawi. Aaron Judge kavusha ukuta mipira 58. Juan Soto kavusha 41. Watu wawili, mipira 99. Mrushaji akiwaona wanafuatana anatamani kuumwa tumbo. Lakini waondoe hao, mwongeze Giancarlo Stanton siku aliyoamka vizuri, kisha niambie nani mwingine pale anakunyima usingizi. Besi zenyewe wanazikimbia kizembe, mtu anatolewa njiani bila sababu. Na ile kazi ya kulinda ushindi mwishoni walimpa Clay Holmes, kauachia ushindi mara 13, hakuna mrushaji mwingine ligi nzima aliyeachia mara nyingi hivyo. Septemba wakamnyang'anya, wakampa Luke Weaver. Weaver anarusha vizuri, sikatai, ila kazi hiyo ameizoea lini? Jumamosi tena Anthony Rizzo kagongwa na mpira, vidole viwili vimevunjika.

Kuna kijana hapa, kofia ya Yankees hadi kwenye nyusi, ananiambia, "Kaka, makombe 27!" Ishirini na saba ndiyo, mdogo wangu. La mwisho 2009. Wewe 2009 ulikuwa darasa la ngapi? Huyo Judge wako msimu wa kawaida kapiga kwa wastani wa .322. Kwenye mtoano, ukijumlisha miaka yake yote, ni .211. Kijana kanyamaza, kavuta kofia chini zaidi.

Sasa Dodgers. Hapo ndipo kelele zilipozidi mpaka kinyozi akatoka nje na mashine yake mkononi. Mechi 98 wameshinda, hakuna aliyewazidi. Shohei Ohtani kavusha mipira 54 na kuiba besi 59. Tangu mchezo huu uanze hajatokea mtu mwingine wa kufikisha 50 kwa 50 ndani ya msimu mmoja. Siku alipofikisha, Septemba 19 kule Miami, aliingia kupiga mara sita, akapiga zote sita, mitatu ikavuka ukuta. Mkataba wake ni dola milioni 700, na milioni 680 kati ya hizo atalipwa baada ya mkataba wenyewe kwisha. Tajiri anayemkopesha tajiri, sijui mambo gani hayo.

Mganda wetu, dereva wa lori, ni Dodgers wa kufa, na ana sababu ambayo hakuna anayeweza kumpinga. Mwaka 2022 klabu hiyo iliwasaini vijana wawili wa kwao, Ben Serunkuma na Umar Male. "Nyinyi mnashangilia watu," anasema, "mimi nashangilia nyumbani." Sawa, ndugu yangu, heshima yako. Lakini hebu nitajie nani anarusha. Tyler Glasnow, kiwiko. Gavin Stone, bega. Clayton Kershaw, kidole cha mguu. Ohtani mwenyewe alipasuliwa kiwiko mwaka jana, msimu huu anapiga tu, harushi. Amebaki Yoshinobu Yamamoto, ambaye karudi Septemba baada ya kukaa nje tangu Juni, na Jack Flaherty waliyemchukua Detroit mwezi Julai. Tajiri wa magongo, maskini wa mikono.

Dada yetu wa Mombasa, muuguzi, yeye huwa anangoja tumalize kupayuka ndipo aseme. "Na Freddie Freeman mbona hamumtaji? Alhamisi kateguka kifundo cha mguu. Kifundo hakijui mshahara, mwataka akimbie besi na mguu gani?" Mganda akasema atafungwa bandeji. Dada akasonya msonyo mmoja mrefu, wa kizazi cha bibi yake, na hoja ikaishia hapo.

Na hawa Dodgers ndio walewale. Mwaka 2022 walishinda mechi 111, wakatolewa na San Diego Padres walioshinda 89. Mwaka jana wakashinda 100, wakaja Arizona wenye ushindi 84, wakawapiga tatu bila jibu. Watu wanaita mkosi. Mkosi gani? Msimu mrefu wa mechi 162 unachezwa karibu kila siku, kwa hiyo unahitaji warushaji watano wa kuanzia na uvumilivu wa punda, na mwenye kikosi kipana lazima aibuke. Oktoba kuna siku za mapumziko. Mwenye warushaji watatu wa kuanzia walio wazima, na wanne wa akiba wasiotetemeka, anaweza kuwatumia haohao karibu kila mechi. Ule upana uliokupa ushindi 100 unabaki umekaa benchi unatafuna mbegu za alizeti. Ndiyo maana mimi mtu akinitajia timu siulizi nani anapiga. Nauliza awamu ya sita hadi ya tisa mpira mnampa nani.

Kwa hesabu hiyo, mzee wetu wa Lubumbashi angetakiwa kucheka, kwa sababu yeye ni Guardians, timu ya hapahapa jimboni, Cleveland, saa mbili kwa gari. Ukifika awamu ya saba unaongozwa na Guardians, nenda kalale. Cade Smith anakuja, Hunter Gaddis anakuja, Tim Herrin anakuja, halafu anafunga Emmanuel Clase. Clase kalinda ushindi mara 47, na kwa kila awamu tisa anaruhusu wastani wa mikimbio 0.61. Sifuri nukta! Mzee anaitamka namba hiyo polepole kama anasoma wosia. Na yupo José Ramírez, mipira 39 nje ya ukuta, besi 41 kaiba, na hana makuu.

Tatizo, mzee wangu, na naomba radhi kwa umri wako, ni kufika hiyo awamu ya saba. Shane Bieber alianza mechi mbili tu, Aprili akaenda kupasuliwa kiwiko. Ukimwacha Tanner Bibee, anayeanza mchezo ni yeyote aliyeamka na bega zima. Ukiwachosha wale wa nyuma kuanzia awamu ya nne, mechi ya tano watarusha kwa sala. Kombe la mwisho Cleveland ni 1948. Mwaka 2016 waliongoza fainali mechi tatu kwa moja dhidi ya Chicago Cubs, wakaiachia. Mzee ananijibu, "Mwanangu, mimi nimengoja mambo makubwa kuliko hayo." Hapo utasema nini?

Philadelphia? Wana Zack Wheeler, na kwangu mimi hakuna mrushaji wa kuanza mechi ya kwanza ninayemwamini kuliko yeye. Wana Bryce Harper anayependa mechi kubwa. Lakini tangu mapumziko ya Julai wameshinda 33 na kupoteza 33, na mwaka jana walikuwa nyumbani, wanahitaji mechi moja kati ya mbili waende fainali, wakapoteza zote mbili. Wanarusha gongo hata kwa mpira unaokwenda kwa jirani. Baltimore wanafunga msimu wakiwa wamechoka. Milwaukee hushinda, husifiwa, kisha hurudi nyumbani, na kombe hawajawahi kulishika. Kansas City mwaka jana walipoteza mechi 106, kwao kuwepo tu ni sherehe.

Ila Detroit wananifurahisha. Julai walikuwa wanauza wachezaji. Agosti 10 walikuwa wameshinda 55 na kupoteza 63, mtu mwenye akili zake alishahamia mpira wa Marekani ule wa kofia ngumu. Tangu hapo wameshinda 31, wamepoteza 13. Wana Tarik Skubal, ushindi 18, wastani wa mikimbio 2.39, wapigaji 228 kawakosesha, anayeongoza ligi yake kwa yote matatu. Nyuma yake kocha A.J. Hinch anapanga warushaji kwa awamu mojamoja, ukizoea huyu anakuletea yule. Na mchana huu wako Houston, kulekule ambako Hinch alikuwa kocha wa timu iliyochukua kombe la 2017, kisha ikagundulika walikuwa wakiiba ishara za wapinzani kwa kamera na kugonga pipa la taka. Alifungiwa mwaka mzima, akafukuzwa kazi. Astros wenyewe wamecheza fainali ya ligi yao miaka saba mfululizo, kwa hiyo msiwazike mapema, japo goti la Yordan Alvarez halijakaa sawa.

Mimi? Nimeshasema tangu Agosti na mlinicheka. San Diego Padres.

Msinitolee macho. Hao ndio waliomwachia Soto aende New York Desemba iliyopita, na watu wakasema wameua timu. Katika waliowapokea alikuwemo Michael King, aliyekuwa mrushaji wa akiba kule. Wamemgeuza wa kuanzia, kamaliza na wastani wa 2.95 na wapigaji 201 aliowakosesha. Luis Arraez walimtoa Miami mwezi Mei, kawa mpigaji bora wa ligi kwa wastani wa .314, mwaka wa tatu mfululizo, kila mwaka na jezi tofauti. Timu nzima inapiga kwa .263, hakuna inayowazidi, na hakuna inayokosa mipira mitatu mara chache kuliko wao. Oktoba, mbele ya warushaji wanaotisha, mtu anayegusa tu mpira ni mali. Tangu mapumziko wameshinda 43 na kupoteza 20. Mwisho wa mchezo wako Jason Adam na Tanner Scott, wote wa Julai, na Robert Suarez. Na Dodgers hao mnaowaogopa, msimu huu Padres wamewafunga mara nane katika 13.

"Na Joe Musgrove?" anauliza dada wa Mombasa. "Kiwiko kilimkalisha mpaka Agosti. Wamtegemea?" Namtegemea. Namtegemea kwa awamu tano, halafu wale watatu wanamalizia. Akavuta midomo tu, na msonyo haukutoka. Kwangu hiyo ni kura.

Atlanta, wanaokuja kucheza nasi leo, jana walikuwa nyumbani wakicheza mechi mbili na Mets, ya kwanza wakaipoteza 8 kwa 7 baada ya Francisco Lindor kuuvusha ukuta awamu ya tisa, ya pili wakashinda, wakapanda ndege usiku kukata bara zima. Chris Sale, mrushaji wao bora, mgongo umekaza. Upande wetu anaanza King. Mganda ananiambia nikishinda, Jumamosi Dodgers wananingoja. Waningoje. Mechi ni saa mbili na dakika 38 usiku kwa saa za hapa, na atakayegusa rimoti kutafuta marudio ya Ligi Kuu ya Uingereza tutakosana.