Namna ya Kuichunguza Shule ya Remba Bila Kuambiwa Unachotaka Kusikia

Ewe mtafiti unayetaka kuboresha shule, kabla hujapanda boti Mbita kwenda kisiwa cha Remba, Ziwa Victoria, tazama mwezi. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, unacho, barua ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti unayo, kinasa sauti umekichaji. Vyema. Sasa tazama mwezi.

Omena (dagaa) huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mvuvi aliyekesha ziwani hulala mchana, na mchana ndio wakati watafiti hupenda kuitisha kikao cha wazazi. Wanakuja akina baba watatu wenye macho mekundu, wengine hawaji, na jioni mgeni anaandika daftarini: "Wazazi hawajali elimu." Futa. Andika: "Nimeitisha kikao wakati watu wamelala." Ukitaka kuwapata akina baba wakiwa macho, njoo siku za mbalamwezi, nyavu zikiwa zimetulia. Kumbuka pia kwamba serikali hufunga uvuvi wa omena Aprili hadi Julai. Muhula wa pili unaangukia humo, mifuko ikiwa mitupu. Aliyekuja Juni peke yake na aliyekuja Oktoba peke yake watabishana mkutanoni Nairobi mpaka chai ipoe, kila mmoja akiapa kwamba ameijua shule hiyo.

Hojaji iache begini siku za mwanzo. Ile ya kuchagua kati ya "nakubali kabisa" na "sikubali kabisa" inapendeza ofisini, lakini kisiwani kuna Wakenya, Waganda na Watanzania, na mtu mwenye karatasi na kalamu huwafikia akiuliza leseni, uraia, kodi au ukubwa wa matundu ya nyavu. Watu wamejifunza kumjibu mtu huyo kwa adabu na kumwacha aende zake. Ukiuliza kama shule ni nzuri, utaambiwa ni nzuri. Ukiuliza kama ina shida, utaambiwa ina shida. Utarudi na majedwali yaliyojaa na kichwa kitupu.

Nenda ufuoni ukakae na mama anayeanika omena. Samaki wametandazwa juu ya nyavu kuukuu, anawageuza kwa kiganja, anawafukuza kuku, jicho moja liko kwenye wingu. Pembeni yake kuna binti aliyevaa sketi ya shule, naye anageuza. Ulimi utakuwasha uulize, "Mama, kwa nini huyu hayuko darasani?" Umeze. Swali hilo linamfanya mama mshtakiwa, na mshtakiwa hujitetea. Muulize hivi: "Mama, omena ya leo itakauka saa ngapi?" Hapo atakueleza kwamba mvua ikinyesha omena itaharibika na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Atakueleza mnunuzi anakuja na boti gani, mkopo unadaiwa na nani, na nani atalinda mzigo yeye akienda kuteka maji. Ukifika hapo, utakuwa umejua kwa nini sketi ya shule iko ufuoni, na hujamwaibisha mtu. Huu ndio utafiti wa kimaelezo, na hauna njia ya mkato.

Takwimu nazo tuziheshimu. Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 wa kupima kusoma na kuhesabu Kenya, Tanzania na Uganda, waliwafuata watoto nyumbani badala ya kuwasubiri darasani, ndiyo maana hata mtoto asiyekuwa shuleni siku hiyo alihesabika. Waligundua kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu walishindwa kusoma hadithi ya darasa la pili. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure Kenya mwaka 2003 tulikuwa tumehesabu walioingia. Uwezo walituonyesha kwamba kuingia si kusoma. Lakini idadi haitakuambia yule mtoto aliyeandikwa mtoro Remba yuko wapi. Huenda yuko kisiwa cha Ringiti au cha Mfangano, au amevuka mpaka na wazazi wake waliofuata samaki. Chagua watoto wachache, wafuatilie mwaka mzima. Rejista itaanza kuzungumza nawe.

Kuna jambo moja halina mzaha. Kwenye fuo hizi kuna jaboya, wanawake kulazimika kutoa miili yao ili wauziwe samaki, na wasichana wanakua wakiliona. Usimuulize mwanafunzi habari hizo mbele ya mwalimu mkuu, wala usimuulize kabisa kama hujapanga utampeleka kwa nani iwapo atakuambia kwamba ameumizwa. Thamani ya data yako haifikii ya mtoto huyo.

Na mwalimu? Usimkalie nyuma ya darasa na fomu kama mkaguzi. Lawrence Stenhouse wa Uingereza alishasema mwaka 1975 kwamba mwalimu mwenyewe ndiye mtafiti wa darasa lake. Huko Kisumu, ziwa hili hili, miaka ya tisini, mradi wa kuboresha shule wa Wakfu wa Aga Khan uliwapeleka washauri darasani wakafundishe bega kwa bega na walimu, badala ya kuwaita semina tu na kuwapa cheti. Fuata mfano huo. Muulize mwalimu wa Remba ni swali gani linalomnyima usingizi, mlichunguze pamoja, na jina lake liwe juu ya ripoti karibu na lako.

Ukimaliza, NACOSTI watataka nakala ya ripoti. Shule haitakudai, kwa sababu imezoea kutodai. Basi panda boti tena. Isome kwa Kiswahili na Kidholuo mbele ya walimu, wazazi na viongozi wa kitengo cha usimamizi wa ufuo (BMU), usiku wa mbalamwezi, waache wakupinge, urekebishe palipokosewa. Nauli ya safari hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, na mfadhili akiikata, mwambie utafiti haujakwisha.