Namna ya Kuuza Mashua Kuukuu Bila Kumzamisha Mnunuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mashua iliyooza hutembezwa kwa rangi mpya. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, chombo kinachong'aa kupita vyote ufukweni ndicho wazee hukizunguka mara mbili kabla ya kuuliza bei. Ewe muuzaji, fuata hatua hizi.

1. Weka brashi chini

Rangi haizuii maji. Kinachozuia maji ni kalafati: pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio ya mbao, kisha deheni juu yake. Mnunuzi mjuzi atapita na ncha ya kisu kwenye mkuku, kwenye mataruma na pembeni mwa misumari yenye kutu. Kisu kikizama kama kwenye papai bivu, rangi yako imekwenda bure.

Basi mtangulie. Pandisha chombo wakati wa bamvu, kwangua makombe na mwani, kichome chini kwa makuti makavu ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, halafu shika kisu wewe mwenyewe. Ubao uliooza ubadilishe. Usioweza kuubadilisha, utie chaki mnunuzi auone.

2. Kionyeshe kikiwa majini

Mashua iliyokaa juani muda mrefu mbao zake husinyaa, na ikirudi majini huvuja mpaka zivimbe tena. Iteremshe siku chache kabla. Mnunuzi akifika, fueni maji yote, kaeni saa nzima mkizungumza, kisha mtazame ngama pamoja. Usiingie kwenye mazungumzo ya namna hii:

"Ami, maji haya yametoka wapi?"

"Mvua ya jana, mwanangu."

"Mvua gani, ami, na kaskazi imekaza hivi?"

Hapo umepoteza mnunuzi, na kesho soko zima la samaki litakuwa na habari.

3. Injini ina bei yake

Usiifiche injini chovu ndani ya bei ya chombo, wala usiiwashe kwenye pipa la maji ukadhani umeijaribu. Kwenye pipa haivuti mzigo. Nendeni nayo baharini, mashua ikiwa na watu, mkaone kama inapata nguvu na kama maji ya kupoozea yanatoka sawasawa. Tanga, foromali, nanga na kamba navyo vitaje kimoja kimoja: kinachokwenda na chombo na kinachobaki nyumbani.

4. Piga hesabu, acha hadithi

Muulize fundi wa vyombo, ambaye si shemeji yako, mashua ya ukubwa huo ingegharimu kiasi gani leo kwa mbao, misumari na ufundi. Tuseme milioni 6. Akiona imebakiza nusu ya umri wake, shika milioni 3. Ondoa mbao za kubadilisha na kalafati mpya, tuseme laki 6. Imebaki milioni 2 na laki 4. Ongeza kidogo kwa ajili ya kupatana, kwa kuwa mnunuzi asiyepunguziwa hata shilingi haondoki na furaha.

Kwamba chombo kimekusomeshea watoto ni jambo la heshima, nawe lisimulie kwa fahari. Ila watoto hawauzwi pamoja na chombo, kwa hiyo wasiongezwe kwenye bei.

5. Malizeni kwa maandishi

Chombo cha uvuvi Tanzania Bara kinatakiwa kuwa na usajili na leseni. Kabidhi karatasi zote, andikianeni hati mbele ya mashahidi, na jina la mmiliki libadilishwe. Mwenzio akikamatwa na nyavu haramu, asitafutwe mtu aliyeuza mashua mwaka juzi.

6. Taja kasoro kabla ya kupokea fedha

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke, hata ukiziruka nyingine zote. Mnunuzi wako hanunui pambo la sebuleni. Alfajiri atapandisha humo vijana wa watu, waende mahali ambapo ukipiga kelele hakuna wa kukusikia. Ufa unaoujua wewe peke yako unaweza kukuingizia laki 2 za ziada, na unaweza kuacha wajane kijijini. Utaje. Atakupunguzia bei, mtapeana mikono, naye atajua pa kuziba kabla hajang'oa nanga.