Kujitolea kwa Kulipia

Ukikaa Kamembe, pale mabasi ya Kigali yanapoteremsha watu baada ya kona zote za msitu wa Nyungwe, utawaona wageni wa kujitolea. Mgongoni begi kubwa kuliko mwenyewe, miguuni viatu vya kupandia Kilimanjaro. Wanashuka hadi Mto Rusizi, wanagongewa mhuri, wanavuka kuingia Bukavu, upande wa Kongo, na kuendelea hadi Lwiro, kwenye kituo kilichoanzishwa 2002 kulea sokwe na kima yatima. Mama za wengi wa wanyama hao waliishia sufuriani.

Kazi ni njema, sina ubishi. Kinachonichekesha ni hesabu. Mgeni analipa nauli, analipa viza, na vituo vingi vya namna hii vinamtoza na ada, ili akate ndizi na kusugua vizimba. Mama wa kijijini anayemnywesha sokwe mchanga maziwa na kushinda naye kifuani haitwi mtu wa kujitolea. Yeye ni kibarua tu, na pichani hana jina.

Sasa kijana wa Rusizi aende ubalozini, aseme anataka kufagia vizimba Ulaya, bure, kwa moyo tu. Ataulizwa salio la benki, hati ya kiwanja na nani atahakikisha anarudi. Sokwe hana masharti hayo. Sharti lake ni barakoa, maana mafua ya binadamu yanaweza kumuua.

Karibu basi, mgeni. Lipa ada, vaa barakoa, na kabla ya kupiga picha muulize yule mama anaitwa nani.